Hapa Hakuna Kitu

Shemeji yangu, Mtaliano wa Torino aliyemwoa dada yangu mkubwa, amekuja Malindi mara nyingi na sijawahi kumsikia akiusifu ufuo wetu. Maji yana tope la Mto Sabaki. Mwani uliotupwa na kusi unanuka. Wauza vinyago hawampi nafasi ya kufumba jicho, mwavuli hauna kivuli cha kutosha, na kahawa anayoletewa imepoa njiani. Kwa hiyo aliponialika kwao na kuapa kwamba atanipeleka kwenye ufuo usio na mfano Mediterania nzima, mimi nilijiandaa kuona marumaru.

"Kuna nini huko?" nikamwuliza.

"Hakuna kitu!" akasema, na macho yakamng'aa. "Hakuna hoteli, hakuna mkahawa, hakuna choo. Hakuna kitu kabisa, shemeji!"

Kwetu ufuo usio na kitu ni ufuo ambao mwenyewe yuko Nairobi anatafuta mkopo. Huko tulikokwenda hali hiyo imelindwa kwa sheria. Ni Sardinia, upande wa magharibi, kwenye rasi ya Sinis, karibu na Capo Mannu. Kaskazini-mashariki ya kisiwa hichohicho kuna Costa Smeralda, ambako marehemu Aga Khan, huyuhuyu wa hospitali na wa gazeti la Nation, alianzisha na wenzake mwaka 1962 mradi wa kuwavutia matajiri, na matajiri wakaitika. Wasardinia wengine walipoona kasi ya saruji wakashtuka. Mwaka 2004 serikali ya jimbo, chini ya Renato Soru, ilisimamisha ujenzi mpya ndani ya kilomita 2 kutoka baharini, na mwaka 2006 ukafuata mpango mzima wa kulinda mandhari ya pwani. Mimi nimekulia mji ambao ukitaka kuiona bahari unapita kichochoro kati ya kuta mbili za hoteli, kwa hiyo niliposimuliwa habari hizo nilishangilia kwa moyo wote. Nilishangilia mpaka saa nne asubuhi, kiu iliponishika na nikageuka kumtafuta mwenye madafu.

Lakini kwanza upepo, kwa sababu kule kila jambo huanza na upepo. Mawimbi yanayofika Malindi yamesafiri Bahari ya Hindi nzima; yanafika yamepangika, kila moja linajua zamu yake. Ya Sardinia huzaliwa juzi. Kuna upepo uitwao maestrale unaoshuka kutoka bonde la Rhône, Ufaransa, ukavuka bahari zaidi ya kilomita 400 na kuyatupa mawimbi kwenye miamba ya Sinis yakiwa bado mabichi. Upepo ukianza leo, mawimbi kesho. Upepo ukitulia, kesho yake bahari imelala na ubao unabaki juu ya keria ya gari. Ndiyo maana mtu wa Torino anayependa kuteleza juu ya mawimbi haishi na mkewe, anaishi na simu. Shemeji alikuwa akiamka usiku kutazama ramani yenye mishale, na siku mishale ilipogeuka myekundu alituamsha sote, tukafunga mbao juu ya gari, tukaenda Genova, tukapanda meli ya usiku hadi Porto Torres. Dada alikaanga viazi karai kabla hatujatoka. Ilikuwa Novemba.

Sasa, kuna dhana moja ninayokutana nayo kila ninapokwenda mbali na pwani: kwamba mtu wa Malindi huzaliwa akiogelea. Rafiki zake shemeji tuliowakuta pale walinitazama kwa heshima kubwa. "Ah, Bahari ya Hindi!" wakasema, wakinipisha. Sikuwaharibia furaha. Bahari ya Hindi ninaifahamu vizuri sana kutoka upande wa soko la samaki.

Nikaletewa suti ya mpira. Bahari ya kwetu hata kipupwe cha Julai hakiishushi sana chini ya nyuzi 25, kwa hiyo nguo hii nilikuwa nimeiona kwa watalii tu, na kwa mbali. Ilikuwa ya shemeji, na shemeji ana mwili wa fito. Unavaa mfuko wa plastiki mguuni ili mguu uteleze, unasukuma, mguu unafika gotini na kukataa. Unachomoa mfuko, unauvalisha mguu wa pili, na wakati huo upepo unakuchukulia mfuko na ubao kwa pamoja. Mtaliano mmoja alinishika kiunoni, mwingine akavuta zipu ya mgongoni akiwa ameniwekea goti. Ilipofungwa, mikono ilikaa mbali na mwili yenyewe, na sauti yangu ikapanda kidogo.

Hapo ndipo haja ndogo iliponijia.

"Kojoa humohumo," shemeji akasema. "Sisi sote tunafanya hivyo. Inaleta joto."

"Thubutu!" dada akapaza sauti kutoka garini, dirisha likiwa limefungwa, maana kuna mambo dada zetu huyasikia hata kwenye tufani. "Na adhuhuri utaiswali na nini?"

Ufuo hauna choo, hilo tuliambiwa tangu mwanzo kama sifa. Una vichaka. Vichaka vya Capo Mannu, hata hivyo, hukatwa na maestrale mwaka mzima, na vinalala upande mmoja bila kuzidi kiuno cha mtu mzima. Nilitembea sana kutafuta kirefu. Nikakipata hatimaye, nikajipinda mpaka kamba ya zipu ikaja mkononi, nikajichuna suti hadi magotini, nikatafuta mwelekeo salama wa upepo. Mwelekeo salama ulikuwa mmoja tu, nao ulinigeuza uso kwa uso na bara.

Nyuma ya pwani ile kuna mabwawa ya chumvi, na mabwawani kuna heroe. Na kwa sababu kuna heroe, kuna wazee wanaokuja kuwatazama kwa darubini. Mmoja alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, hatua chache kutoka kichaka changu, kitabu cha ndege magotini. Alishusha darubini, akanitazama kwa macho yake mwenyewe, akaangalia kitabu, akafungua ukurasa mwingine. Kisha akanisalimu kwa adabu.

Kitaliano changu ni cha Malindi. Nimekiokota ufukweni kwa watalii, na kinatosha kuuza safari ya mashua, kupunguza bei na kumtakia mtu ndoa njema. Cha hali kama ile sina hata sentensi moja, na ulimi ukiwa na hofu hukimbilia ulichozoea. Nikajikuta ninamwuliza kama angependa kwenda kuona pomboo kesho asubuhi, bei ya rafiki.

"Hapana, asante," akajibu, kama wajibuvyo wote.

Niliporudi shemeji alikuwa ameshaingia majini. Kuhusu kuteleza kwenyewe sina mengi ya kusimulia. Kule aliye karibu zaidi na mahali wimbi linapovunjikia ndiye mwenye wimbi, na walio karibu siku zote ni vijana wa palepale, wanaoujua kila mwamba. Shemeji alipiga makasia ya mikono mpaka midomo ikabadilika rangi. Wimbi likaja, likapewa mwenyewe. Likaja lingine, na lenyewe lilikuwa na mwenyewe. La kwake alipolipata alisimama, akainua mikono, na dada aliyekuwa na simu tayari kumpiga picha alikuwa wakati huo anapangusa mchanga kwenye kioo. Mimi ubao wangu ulifika ufukweni bila mimi, mimi nikafika baadaye. Wale marafiki wakanifariji kwamba mawimbi ya Mediterania ni mafupi mno kwa mtu aliyezoea bahari kuu.

Chakula cha mchana ndicho kilichonisikitisha kweli. Wasardinia wana mkate uitwao carasau, mwembamba na mkavu, ambao Wataliano wa bara huuita karatasi ya muziki. Pia wana bottarga, mayai ya mkizi yaliyotiwa chumvi na kukaushwa, na ya Cabras, mji wa jirani, yana sifa na bei. Kwetu husema hasira za mkizi tijara ya mvuvi. Kwa bei ya Cabras ningemchokoza mkizi kutwa. Shemeji aliikwangua bottarga juu ya mkate kwa makini, chembe moja moja za rangi ya kaharabu, akanyunyiza mafuta ya zeituni, akainua mkono kunipa. Mkate ukaondoka. Haukuanguka, uliondoka: ukasimama kwa ubavu hewani, ukageuka, ukapita juu ya gari ukielekea mabwawani kwa heroe. Shemeji akakwangulia juu ya mkate wa pili, akaufunika kwa kiganja, na huo ukavunjika kiganjani, bottarga ikabaki kwenye ndevu zake. Tukala viazi karai vya dada. Vilikuwa vizito, upepo haukuviweza, ila kila tonge lilikuwa na mchanga wa kutosha kusugulia sufuria.

Ufuoni palikuwa na marundo ya majani ya kahawia, kitanda kirefu chenye kimo cha mtoto, na harufu yake niliitambua mara moja. Nikamtazama shemeji, huyu anayeziba pua kwenye mwani wa Malindi. Akanieleza, kwa sauti ya mwalimu, kwamba huo si mwani. Ni posidonia, mmea halisi wenye mizizi na maua unaoota chini ya bahari, na marundo yake huukinga ufuo usiliwe na mawimbi ya kipupwe, kwa hiyo ni kosa kuyachukia. Yote ni kweli. Akaongeza kwamba ni laini kuliko godoro, akarukia juu yake kunionyesha. Akazama mpaka pajani. Tulimvuta wanne, na kiatu kimoja kimebaki huko kikiukinga ufuo.

Kesho yake upepo ulipungua, tukaenda Is Arutas, kusini kidogo, ambako mchanga si mchanga: ni punje za kwatzi, nyeupe na za waridi, kama mchele. Mpwa wangu, wa darasa la kwanza, alizimwaga mfukoni kwa viganja viwili. Shemeji akapauka. Kwa sheria ya jimbo ya mwaka 2017, kuchukua mchanga, kokoto au kombe kwenye fuo za Sardinia ni faini ya euro 500 hadi 3,000, na mwaka 2019 mume na mke Wafaransa walikamatwa palepale Porto Torres, tulikokuwa tukipandia meli, wakiwa na kilo 40 za mchanga kwenye chupa. Basi tukamgeuza mtoto kichwa chini. Tukakung'uta mifuko, soksi, viatu, taulo, mkeka, na kifuniko cha chombo cha viazi. Dada alikung'uta hata msala, akiomba radhi.

Shida ni kwamba siku nzima ya jana ufuo ulikuwa umetuingia bila sisi kuuomba. Kila nilipoinamisha kichwa kulikuwa na kitu kinachotembea ndani.

Bandarini mkaguzi alitazama buti la gari, akatazama mbao, akachuchumaa dirishani kwa mtoto, akitabasamu. Akamwuliza kama ana mchanga.

"Mimi sina," akasema mpwa wangu, ambaye chuoni amefundishwa kwamba uongo ni dhambi. "Mjomba anao, masikioni."

Mkaguzi akawasha tochi, akaniomba nigeuze kichwa.