Sifa za Tundu la Joto Lililokaa Pabaya

Husifiwa wafalme, majemadari na wachezaji mpira, na hakuna aliyekumbuka kulisifu tundu la joto la nyumba kuukuu. Nalisemea lile la Minneapolis, Marekani, kwenye nyumba za mbao za miaka ya 1920, ambako Januari baridi huweza kushuka nyuzi 20 chini ya sifuri na kuendelea. Utalikuta sakafuni, limefunikwa wavu wa chuma wenye nakshi za maua, pale pale mama mwenye nyumba alipopangia kuweka kabati lake.

Wasiojua husema fundi alikosea. Hakukosea hata kidogo. Nyumba hizo zilijengewa tanuri kubwa la makaa kule chini, lisilo na feni, ambalo Wamarekani walilipa jina la pweza kwa wingi wa mikono yake ya bati. Hewa ya moto ilipanda yenyewe kwa wepesi wake, na hewa isiyo na wa kuisukuma haifiki mbali. Ndiyo maana matundu yaliwekwa karibu na kuta za ndani, si chini ya madirisha. Baadaye pweza aling'olewa, likaja tanuri la gesi lenye feni. Tundu halikuhama. Limewazika matajiri wake wawili watatu na bado lipo kazini.

Tena lina heshima zake. Ndilo linaloamua kochi likae wapi na kitanda kielekee upande gani, na baba mwenye nyumba, anayelipa mkopo wa miaka 30, hutii. Asubuhi watoto hugombania kusimama juu yake, kanzu za kulalia zikijaa upepo. Na ni mweka amana mwaminifu: ukiinua wavu utakuta vifungo, senti zilizoota kutu, pini za nywele na jino la kitana, vyote vimelala kwenye vumbi laini la kijivu, havijapungua.

Sasa jaribu kulihamisha hatua mbili tu. Bomba lake hupita kati ya boriti za sakafu, ambazo kwa kawaida hupangwa kila inchi 16, yaani sentimita 40 hivi. Kama unakotaka ni uwazi ule ule wa boriti, basi unarefusha bomba, unatoboa mbao, na saa ya chakula umemaliza. Lakini hukutaki huko, hakuna anayekutaka. Unataka ng'ambo ya boriti tatu. Boriti iliyobeba nyumba haikatwi kupisha bomba la inchi 6, kwa hiyo bomba litashuka lipite chini yake, na tangu hapo kila mrefu wa ukoo atalisalimu kwa paji la uso. Kila kona ya mraba nayo huichosha hewa kana kwamba umeongeza mita kadhaa za bomba.

Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni. Kwenye maungio ya bati kuukuu huenda ukakuta karatasi nyeupe iliyogandishwa. Huenda ni asbesto. Ikitulia, hatari yake ni ndogo. Ukiichana, nyuzi zake huruka hewani na kuingia mapafuni. Usiiguse. Tafuta wenye leseni, waje na barakoa na mashine zao, na bili yao. Hivyo tundu, bila kusema neno, limekwisha kukutoa nyumbani kwako.

Wala usitegemee ile tepu ya kijivu ya kuzibia. Mwaka 1998 watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley waliipima kwenye maungio ya mabomba ya hewa pamoja na vizibio vingine, nayo ndiyo iliyoachia. Mafundi hupaka masitiki kwa brashi, ikikauka imeshika.

Nakiri kwamba chini ya dirisha ndiko tundu linakofaa, kwa sababu baridi huteremka kwenye kioo na joto hulipokea hapo. Ila chumba cha juu kikianza kupoa kwa kuwa umevuruga mgawo wa hewa, na kiraka cha mbao mpya kikikataa kushika rangi ya zile za miaka mia, utajua nani mwenye nyumba.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kama hubomoi jiko zima, liache. Madukani kuna kifuniko cha plastiki chenye sumaku, bei yake si ya kutisha: kibandike juu ya wavu, kielekeze hewa ipite chini ya kochi, na kabati la mama lipeleke ukuta wa pili.