Betri Imesingiziwa

Hakuna kifaa kinachosingiziwa hapa Morogoro kama betri ya pikipiki. Honi ikififia, betri. Indiketa zikigoma kupepesa, betri. Stata ikigonga mara moja na kunyamaza, hata muuza mihogo wa jirani atakwambia, "Betri hiyo, Mwalimu," bila kuinua macho kwenye karai lake.

Sababu iko wazi. Betri inauzwa dukani ndani ya boksi lake, na ukishalibeba boksi unajiona umelimaliza tatizo. Ndivyo alivyofanya shemeji yangu, ambaye huazima pikipiki yangu kwa moyo mweupe na kuirudisha tangi likiwa jeupe vilevile. Aliona taa zimefifia, akanunua betri mpya kwa fedha zangu, ya zamani akaiacha dukani apunguziwe bei. Wiki haikuisha kabla honi haijaanza tena kuomba njia kwa sauti ya mtu anayeomba mkopo.

Kijiwe cha Msamvu kikakaa kikao. Mmoja akasema betri ni feki. Wa pili akasema plagi. Wa tatu, anayeheshimika kwa kuwa aliwahi kufika Lubumbashi kwa lori, akasema ni petroli iliyochakachuliwa, akaeleza kwa kirefu jinsi mafuta mabaya yanavyokula umeme. Hakukatizwa. Mtu aliyefika Lubumbashi hakatizwi.

Kilichowachanganya wote ni kwamba injini yenyewe ilikuwa inawaka kwa kiki bila kinyongo. Pikipiki nyingi ndogo ndivyo zilivyo: cheche ya plagi hupata umeme wake kutoka kwenye koili yake yenyewe ndani ya magneti, haiombi betri chochote. Unaweza kuendesha hadi Dakawa betri ikiwa mfu, mradi tu huhitaji honi wala indiketa. Na kwa jinsi tunavyoendesha, wengi wetu hatungegundua.

Nikaipeleka Kihonda kwa mzee mmoja fundi redio, kwa sababu moja tu: ana mita. Mzee hakuuliza pikipiki ni ya aina gani. Aliuliza, "Nani mwingine ameigusa?" Nikamtazama Shemeji. Shemeji akaitazama milima ya Uluguru.

Injini ikiwa imezimwa, mita ilisoma volti 12.3. Betri ya volti 12 iliyojaa, ikipumzika, hukaa kama 12.6 au juu yake kidogo. Mzee akaniambia niwashe, nipige resi. Hapo namba ilipaswa kupanda hadi kati ya 13.5 na 14.5. Ikikaa chini ya 13, betri haichajiwi. Ikivuka 15, inachemshwa, na balbu zitaanza kuungua moja baada ya nyingine. Yetu haikupanda wala haikuvuka. Nilipowasha taa kubwa, ikashuka.

"Hii betri haijafa, Mwalimu," mzee akasema. "Hailishwi."

Akachomoa soketi ya waya zinazotoka kwenye koili ya chaji. Sumaku zikizunguka, koili hiyo hutoa umeme unaokwenda na kurudi, ambao betri haiuwezi. Akageuza swichi ya mita, nikapiga resi, namba ikapanda pamoja na muungurumo. Nikazima, akapima kama waya hizo zimegusana na bodi: hazijagusana. Koili ikaachiwa huru. Ikabaki rektifaya, kile kidude cha alumini chenye mapezi kinachoulazimisha umeme uende upande mmoja na kuzuia usizidi. Shemeji akawa ameshatoa simu aulizie bei ya rektifaya mpya.

"Tulia, kijana," mzee akasema. Akarudisha soketi, tukawasha, akagusisha ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye mwili wa rektifaya. Hapo mita inapaswa kusoma karibu na sifuri. Ilisoma zaidi ya volti moja. Maana yake umeme ulikuwa unakwama njiani kurudi, kwenye waya wa ethi. Mzee akaufuata kwa kidole hadi chini ya kiti, akakuta bolti moja yenye kutu, imelegea, na juu yake zimesongamana waya za spika na za taa zinazobadilika rangi, zote zimezungushiwa tepu nyeusi kwa upendo mkubwa.

"Wateja wanapenda muziki," Shemeji akajitetea.

Pikipiki si yake na hana mteja hata mmoja, lakini hilo tuliache. Taa ya mbele peke yake ni wati 35. Koili ya pikipiki ndogo haikutengenezwa kubeba harusi.

Dawa ilikuwa kipande cha msasa na spana. Bolti ikasuguliwa, ikakazwa, zile waya za anasa zikang'olewa. Tukawasha: volti 14.1, na honi ikamshtua mbwa wa mzee.

Betri iliyoachwa dukani, naambiwa, inachajiwa kwa sola na kuwasha taa ya kibanda cha chipsi kila usiku. Haikuwa na kosa lolote. Mzee naye alikataa fedha, alitaka spika. Mwenye kuihitaji aende Kihonda, ipo mezani na inauzwa, ila asimpitie shemeji yangu. Bado anadai ni yake.