Machozi Meusi ya Digidigi

Chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, pale Balangdalalu ambapo kiangazi ziwa hukauka likabaki sinia jeupe la chumvi, palikuwa na mgunga mmoja mkubwa. Kila mwenye mdomo katika nyika ile alikuwa na nafasi yake pale. Kunguru alikaa tawi la juu, kwa kuwa ndiye aliyewahi kila kitu. Nyani alikaa tawi la kati, kiti cha wachambuzi. Kivulini walisimama wenye kwato, ambao hawakusema mengi lakini waliitikia sana.

Asubuhi moja ya Agosti, mke wa Digidigi na mwanawe walikutwa wamekufa uani kwao, kati ya vichaka vya miba. Digidigi mwenyewe alikuwa amesimama pembeni, mzima, bila hata mkwaruzo. Hayo ndiyo yaliyojulikana. Msomaji mwenye haraka anaweza kuishia hapa. Yanayofuata yote ni maneno.

Jua halijafika utosini, Kunguru alikwisha kuyapandisha mgungani, akamalizia kwa kauli yake ya siku zote: “Naitoa kama nilivyoipokea.” Kauli ya ajabu hiyo. Humnawisha msemaji mikono kabla hajaishika nyama.

“Ni mume,” akasema Nyani. “Hamjayaona machozi yake?”

Wakatazama. Kweli, chini ya kila jicho la Digidigi palikuwa na doa jeusi, na kutoka humo ukitoka ute mzito kama lami. Sasa, digidigi wote wanalo doa hilo, dume kwa jike. Ni tezi. Huegemeza jicho kwenye ncha ya kijiti, wakapaka ute ule kuonyesha kwamba mpaka wa kwao ni hapa. Nyani alikuwa jirani yao tangu utotoni, na vijiti vile vyeusi amevipita kila siku akienda kuchuma ukwaju. Hakuwahi kuuliza. Siku ile akaliona doa kwa mara ya kwanza, na papo hapo akawa bingwa wa machozi.

“Aliyefiwa kweli hulia maji,” akafafanua. “Huyu analia masizi. Moyo unaungua ndani, moshi unatokea machoni.”

Kivuli kizima kikaitikia.

Jioni wakampelekea maji ya rambirambi kwenye kibuyu. Hakunywa. Digidigi anaweza kukaa siku nyingi bila kugusa maji, kiu yake akiikata kwa umande na majani mabichi, lakini mgunga haukuwa na nafasi kwa habari za majani. “Koo limefungwa na damu ya mkewe!” Kesho yake, Kanga akaleta mpya: ameonekana akitafuna majani. “Kafiwa jana, leo anakula!” Maskini yule alikuwa na hatia asipokunywa, na hatia nyingine akila.

Ukazuka ubishi wa mluzi. Digidigi akiona hatari hupuliza pumzi puani, ikatoka sauti nyembamba ya kuwaamsha wenzake. Kambi moja ikauliza: mbona usiku ule hakupiga mluzi? Kambi ya pili ikaapa kwamba alipiga, mara tatu, na kwamba hiyo ilikuwa ishara kwa wauaji aliowakodi. Kambi hizi mbili zilitukanana siku nzima, na hakuna aliyetambua kwamba zote zimeshamfunga mtu yule yule.

Bibi Punda, mkongwe aliyebeba magunia ya chumvi ya ziwa lile hadi mgongo ukapinda, akajaribu kusema. “Wajukuu zangu, mmesahau mlima?” Aliusema Hanang, ulio mbele yao kila wakiinua kichwa, zaidi ya mita 3,400 kwenda juu. Desemba 3, 2023, tope na mawe vilishuka kutoka ubavuni mwake vikafunika sehemu za mji wa Katesh na vijiji jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Kabla maiti hazijafukuliwa, Kunguru alikuwa angani akitangaza kwamba volkano imelipuka. Wataalamu walipokwenda kupima, wakakuta mlima haukuwaka moto: sehemu yake dhaifu ilikuwa imenyonya maji ya mvua hadi ikamomonyoka. Wakati huo wanyama waliomwamini Kunguru walikuwa wameshakimbia upande usio na hatari, wakawaacha waliohitaji kuchimbuliwa.

“Hiyo ilikuwa habari nyingine, bibi,” akajibu Kunguru. “Hii nina uhakika nayo.”

Wasioridhika na mume wakataka mgeni wa kumlaumu, na nyika haijawahi kukosa Fisi. Wakamzunguka, wakamuuliza alikuwa wapi. Fisi akacheka. Fisi hucheka hivyo akibanwa, akiogopa, akiomba asiumizwe. Hana sauti nyingine kwa saa hiyo. “Mnamsikia? Anachekelea msibani!” Wakamrushia mawe hadi sikio likachanika, na usiku ule akahamisha watoto wake kwenda upande wa Basotu. Tai naye akahojiwa: alijuaje kuna maiti, akawa wa kwanza kufika? Waliomuuliza walikuwa wale wale waliofika pale kwa kufuata duara lake angani.

Heroe ndio walionichekesha, kama kuna kucheka. Walikuwa kwenye kidimbwi cha mwisho cha ziwa, miguu ndani ya magadi, wakasikia nusu ya maneno. Maji yalipokwisha wakaruka kwenda ziwa Manyara, na huko wafu wawili wakawa watano. Walipofika Natron walikuwa arobaini, na mume akawa jeshi. Baadaye hekaya ile ikarudi Balangdalalu kwa mdomo wa ndege mhamaji, kuhusu mauaji ya kutisha kwenye ziwa fulani la mbali. Mgunga ukanyamaza dakika nzima kuwaombea marehemu. Nyani akasema: afadhali sisi, kwetu ni wawili tu.

Nirudi uani kwa Digidigi, maana huko ndiko kulikoharibika.

Wazee wa Kiiraqw wa nchi ile walikuwa na desturi ya metimani: nyumba iliyopatwa na vifo vya aina fulani hutengwa, wenyewe hawatoki na jirani haingii, mpaka muda wake upite. Ilikuwa ni kuogopa mkosi. Lakini tazama inavyofanya kazi: vumbi la ua linabaki jinsi marehemu alivyoliacha. Wanyama wetu, kwa kuwa wamestaarabika, waliingia wote. Nyani aliingia kuona machozi kwa karibu. Nyumbu waliingia kwa sababu Nyani ameingia. Kanga na vifaranga vyake walichakura mahali alipolala mtoto, wapate la kusimulia.

Kobe, ambaye ndiye mpelelezi, alitoka Katesh siku ile ile ya msiba, akafika siku ya nne. Njia nzima mgunga ulimtukana: kalala, kahongwa. Simtetei. Kila alipoulizwa alijibu “uchunguzi unaendelea” akavuta kichwa ndani ya gamba, na kauli tupu namna ile ni kibuyu kilichoachwa mdomo wazi. Kila apitaye humiminia chake. Binadamu wa nchi hii walitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, na kusambaza taarifa unayoijua kuwa ni ya uongo kukawa kosa. Wanyama hawana sheria hiyo, na hata wangekuwa nayo, Kunguru angepona: hakujua kwamba ni uongo. Hakujua chochote.

Kobe alipoingia uani alishusha pua hadi mavumbini. Akakaa hivyo muda mrefu.

“Huu mkono ni wako, Nyani?”

“Nilikuja kuangalia tu, Afande.”

“Na kwato hizi sitini?”

Kivuli kikatazama chini, kila mmoja akikunja mguu.

“Palikuwa na kishungi cha manyoya hapa, kwenye mwiba. Mwiba umebaki na uzi mmoja. Nani kakichukua?”

Kunguru akajikuna shingo. “Mimi sikukanyaga. Nilitua kidogo. Nacho… kiota changu kilikuwa na upepo.”

Kobe akainua macho kwenye majabali yanayolitazama ua lile, anakokaa Pimbi. Usiku ule kulikuwa na mbalamwezi, na usiku wa mbalamwezi pimbi huweza kukaa nje ya mapango yao.

“Shikamoo, Afande,” akasema Pimbi kabla hajaulizwa.

“Marahaba. Uliona nini, kijana?”

Pimbi alikuwa ameona. Siku ya kwanza alishuka hadi nusu ya jabali, jina liko ulimini, akakuta mawe yakimwangukia Fisi. Sasa akautazama mgunga, matawi yote yakiwa yamemwinamia kwa hamu. Kisha akaitazama njia ya Basotu, ambako bado kulikuwa na matone makavu ya damu ya sikio.

“Nilikuwa nimelala, Afande.”

Kobe hakusema kitu. Akaanza kuhesabu nyayo, ya kwanza, ya pili, ya tatu, akimtenga kila mwenye wayo wake. Kufikia machweo alikuwa na orodha ndefu ya waliofika, na hata mmoja hakuwepo usiku wenyewe.

Digidigi alikuwa hajatia neno. Kivuli kilipolifikia ziwa, akanyanyuka, akaenda hadi mpakani mwa kwao, mahali ambapo yeye na mkewe walipaka vijiti kila jioni. Kimoja kilikuwa kimeanza kukauka. Akaegemeza jicho taratibu kwenye ncha yake, mpaka ikawa nyeusi.

“Mmemwona?” ikanong’ona sauti kutoka tawi la juu. “Anaficha ushahidi.”