Nani Alifanya Hii Kazi?

Fundi umeme akiingia nyumbani kwako haitazami taa iliyokufa. Anatazama dari, anatazama kuta, anafungua meni swichi, anaguna, halafu anauliza: "Nani alifanya hii kazi?" Swali hilo halina jibu zuri. Ukimtaja fundi aliyetangulia, anacheka kwa huruma. Ukisema hukumbuki, anatikisa kichwa. Ukinyamaza, anajijibu mwenyewe: "Huyu hakuwa fundi, mzee. Huyu alikuwa kishoka."

Nyumba yangu ipo Tengeru, chini ya barabara ya Moshi, upande wa Ziwa Duluti, na imepitiwa na mafundi wengi kuliko wageni. Wa kwanza alifunga umeme wa vyumba. Wa pili akaongeza jiko. Wa tatu akapeleka taa kwenye banda la kuku. Wa nne aliitwa kurekebisha kazi ya wa tatu, na wa tano kurekebisha kazi ya wa nne. Kila mmoja alimwita mwenzake kishoka. Kwa hesabu hiyo nyumba nzima ni kazi ya vishoka, na fundi wa kweli ni yule tu ambaye kwa dakika hiyo ameshika bisibisi.

Kumpata tu ni kazi. Anakuahidi Jumamosi, na nani asiyejua kwamba Jumamosi Tengeru ni siku ya soko? Jumatano nayo ni soko, lakini Jumamosi ndiyo baba lao. Ndizi, mitumba, maparachichi na mbuzi vinabanana, na mtu akiingia humo asubuhi hatoki bila kukutana na shemeji yake. Unampigia simu. "Nipo hapa Patandi, mzee wangu, naingia sasa hivi." Lakini nyuma ya sauti yake namsikia konda: "Tengeru-Usa! Tengeru-Usa!" Sasa, ndugu msomaji, konda aliyepo Patandi aite Tengeru ya nini, na Patandi ndiyo Tengeru yenyewe? Konda anayeita Tengeru yuko mjini Arusha, kifodi hakijajaa, na fundi wangu bado hajaamua kama atapanda.

Akifika, anafika na begi. Ndani ya begi mna chaja ya simu, koti la mvua na testa isiyowaka. Ngazi anaomba kwangu. Nyundo anaomba kwa jirani. Kisu cha kumenyea waya anaomba jikoni, na ndicho kisu ambacho mama watoto anamenyea ndizi za mtori. Tofauti ni kwamba maganda ya ndizi yanaishia kwenye ndoo ya ng'ombe, ila maganda ya waya tunayaokota kwenye zulia mpaka Krismasi.

Kisha inakuja orodha, imeandikwa kwenye kipande cha boksi la balbu: waya wa 2.5 roli moja, soketi dabo nne, saketi breka mbili, tepu, skrubu, rolplagi pakiti moja. Ukutani kwangu rolplagi zimeingia chache za kuhesabika. Zilizobaki ziko kwenye ukuta wa nani sijui, ila nina hakika ukuta huo umekaza vizuri. Na duka analijua yeye. Ukinunua mwenyewe umeleta feki. Akinunua yeye ameleta orijino, na vyote vimetoka rafu moja. Kweli, feki zipo. Kuna waya unauzwa kuwa ni shaba tupu, ukiukwangua ndani unakutana na aluminiamu iliyopakwa shaba kwa juu. Dawa yake ni kuukwangua hapo hapo dukani kwa kisu, kisu ambacho, kama tulivyoona, fundi hana.

Safari hii aliitwa kwa sababu ya baridi. Watu wa Dar es Salaam wanadhani nchi nzima ina joto. Waje huku kwenye miteremko ya Meru mwezi Julai, ukungu umeshuka hadi kwenye mibuni, halafu waoge maji ya bomba yaliyotoka mlimani. Nikanunua hita ya bafuni, ile inayochemsha maji papo kwa papo. Ubavuni imeandikwa wati 5,500. Fundi akaitazama, akautazama waya wa taa uliopita juu ya bafu, akasema: "Tunaunga hapa hapa, mzee."

Mimi si fundi, lakini kugawanya najua. Umeme wetu ni volti 230. Wati 5,500 ukigawa kwa 230 unapata ampea 24 hivi. Waya wa taa kwa kawaida ni wa 1.5, na breka yake ni ya ampea 6 au 10. Hita ya namna hiyo inataka njia yake peke yake, waya wa 4 au wa 6 utoke kwenye breka yake mpaka bafuni bila kuchangia na mtu. Nikamweleza. Akanitazama kwa upole. "Mzee, hayo ni ya vitabuni. Sisi tupo saiti."

Saiti ikajibu yenyewe. Breka iliruka kabla mama watoto hajapaka sabuni. Sasa tazama akili ya fundi: hakuona tatizo kwenye waya, aliliona kwenye breka. "Hii ndogo, ndiyo maana inaruka. Tuweke ya 32." Hapo nilipaza sauti mpaka kuku wakanyamaza. Breka inaruka ili waya usiungue! Ukiweka breka kubwa kwenye waya mwembamba, breka itatulia kabisa, haitakusumbua tena maishani, na kitakachoruka ni paa. Akafikiri kidogo, akasema: "Ndiyo maana mimi tangu mwanzo nilitaka tununue waya wa 6." Tukarudi dukani, kwa nauli yangu.

Na usidhani maji ya moto ni ya bure baada ya hapo. Dakika kumi chini ya hita hiyo zinakula karibu uniti nzima ya Luku, na kwa bei ya kawaida pamoja na kodi, kuoga huko kunavuka shilingi 300. Watoto wa siku hizi wanaimba bafuni. Namngoja anayeimba ubeti wa pili nimkatie maji.

Waya mpya ulimlazimu fundi apande darini, na huko ndiko alikokutana na watangulizi wake. Sauti ikashuka kupitia tundu la taa: "Mzee, nani alifanya hii kazi?" Rangi za waya si siri ya kabila. Kwa mtindo wa zamani mwekundu ni moto, mweusi ni nyutro. Kwa mtindo wa sasa kahawia ni moto, bluu ni nyutro. Kijani na njano ni ethi, basi, haina mjadala. Darini kwangu kila fundi alitumia rangi iliyobaki kwenye begi. Mwekundu umeungwa na bluu, bluu umeungwa na mweusi, na ule wa kijani, uliopaswa kupeleka hitilafu ardhini, ndio unaowasha taa ya stoo. Atakayeushika akiamini ni ethi atakutana na babu zake kabla hajakutana na tepu.

Waya wa banda la kuku ndio usiseme. Umekatiza katikati ya migomba, umefungwa kwenye mgrevilea kwa kamba ya katani. Masika ikianza, jani la mgomba lililolowa linaulalia na nyumba nzima inazimika. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku tunaitazama kwa ridhaa ya mgomba.

Matokeo yake, giza likiingia kwangu hakuna anayejua limetoka wapi. Kwanza tunatoka nje kuangalia kwa jirani. Kwa jirani kukiwa na giza, tunashukuru Mungu. Tatizo ni la wote. Kwa jirani kukiwaka, tunaanza kumtafuta fundi. Usiku wa kuamkia 1 Aprili 2024, Jumatatu ya Pasaka, Gridi ya Taifa ilipata hitilafu na sehemu kubwa ya nchi ikawa gizani. Kwa bahati mbaya kuna fundi alikuwa ametoka kwangu siku chache kabla. Mama watoto hakungoja redio, akampigia simu. "We kijana, umefanya nini tena?" Kijana wa watu akajibu kwa unyonge: "Shikamoo mama. Mama, hata Dodoma hakuna." Ndiyo mara pekee ninayokumbuka fundi wa nyumba hii hakuwa na hatia, na hata hiyo alikula lawama za megawati zote za taifa.

Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alieleza kwamba Kanda ya Kaskazini itanunua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya, kwa kuwa ule unaosafirishwa kutoka mbali kuja huku unapotea njiani, hasara ya shilingi bilioni 32 kwa mwaka. Watu walibishana sana vijiweni: tuna Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, Ethiopia ya nini? Mimi sikubishana na mtu. Umeme kupotea njiani naujua vizuri. Kutoka Rufiji hadi Tengeru ni mamia ya kilomita. Kutoka kwenye mita yangu hadi soketi ya friji ni hatua chache, na unapotea vilevile.

Usiniambie hakuna sheria. Anayefunga umeme anatakiwa awe na leseni ya EWURA yenye daraja lake, na fomu ya kuomba umeme TANESCO inataka muhuri wa mkandarasi aliyesajiliwa. Muhuri upo. Shida ni kwamba mwenye muhuri na mwenye bisibisi mara nyingi hawajawahi kuonana. Muhuri unakaa mjini na kusafiri ndani ya bahasha. Bisibisi inakuja kwa bodaboda. Wala usiniambie hakuna shule. VETA ipo, Chuo cha Ufundi Arusha kipo tangu 1978, na hapa hapa Tengeru tuna Taasisi ya Nelson Mandela inayotoa shahada za uzamivu za sayansi na teknolojia. Tumezungukwa na madaktari wa kila fani, na bado swichi iliyopo nyuma ya mlango wa ukumbini hakuna anayejua inawasha nini.

Nimelifikiria sana jambo hili gizani, maana muda ninao. Mafundi hawa si wajinga. Wengi mikono yao ni myepesi na wanaijua kazi. Tatizo lao ni kwamba hawaandiki. Fundi anapanda darini, anaunga, anashuka, anahesabu hela, anaondoka na ramani ya nyumba yako kichwani. Siku akihamia Babati, nyumba yako nayo imehamia Babati. Fungua boksi la breka uone: zimepangwa mstari mzima bila hata herufi moja. Ipi ni ya jiko, ipi ni ya kuku? Unajua kwa kuzima moja moja huku mtu anapiga kelele sebuleni: "Bado! Bado! Hapo hapo! Aa, umepita!" Fundi anayefuata anaanza kwa kubahatisha, kubahatisha kunakula siku nzima, na siku hiyo unailipa wewe. Halafu ndipo unaulizwa nani alifanya hii kazi. Angekuwa ameandika, usingeulizwa.

Kwa hiyo nina neno moja kwa mwenye nyumba mwenzangu. Hela ya mwisho usiitoe mfukoni kabla fundi hajashika kalamu na kuandika mbele ya kila breka: taa, soketi, jiko, hita, banda. Chini yake aweke tarehe, jina lake na namba ya simu. Atasema mwandiko wake mbaya. Mwambie tutausoma hivyo hivyo. Atasema hana kalamu. Mpe ya mtoto wa shule. Fundi anayejua kwamba jina lake litabaki ukutani huunga waya kwa adabu. Na anayekataa kuandika mwambie ateremke, aiache ngazi hapo hapo, tena asisahau kurudisha kisu jikoni.