Sifa za Mnyororo wa Theluji

Vyombo vinavyopendwa havihitaji mtetezi. Breki zinazoshika, hita ya kabini, kiti cha upepo kisichoumiza mgongo: hivyo vyote madereva wanavisifu bila kuombwa. Asiye na wa kumsemea ni mnyororo wa theluji, lile rundo la chuma lenye kutu linaloning'inia ubavuni mwa malori ya Marekani majira yote ya baridi. Ni mzito, mchafu, unaganda, na unahitajika saa ile tu ambayo mtu mwenye akili hangependa kushuka garini. Nashika upande wake. Nadai kwamba katika lori zima hakuna chombo chenye busara kuuzidi, na kwamba busara yake yote inatokana na karaha yake.

Hata asili yake ni ya kinyonge. Inasimuliwa kwamba Harry Weed wa Canastota, jimbo la New York, aliwaona wenye magari wakizungushia tairi zao kamba na mimea itambaayo ili zisiteleze, akaona chuma kingefaa zaidi. Hataza yake ilitoka mwaka 1904. Tangu hapo magari yamepata redio, viyoyozi na kompyuta, na mnyororo umebaki kuwa mnyororo: mmoja upande wa ndani wa gurudumu, mmoja upande wa nje, na vipande vya kukingama kati yao kama vidato vya ngazi. Kazi yake haina siri. Mpira hushika barafu kwa nguvu ndogo sana ukilinganisha na lami kavu, na barafu iliyo karibu na nyuzi 0, yenye utando wa maji juu yake, inateleza kuliko ile iliyoganda kikavu. Lori na mzigo wake, tani 36, likizikandamiza pingili, chuma kinachimba na gurudumu linapata pa kukanyagia.

Kuuvalisha ndiko kwenye utamu, kama utamu ndilo neno. Mnyororo wa tairi pacha unaweza kufika kilo 40. Dereva anautandaza kwanza chini kwenye theluji na kuukagua, kwa sababu pingili iliyojisokota haitajinyosha yenyewe baadaye. Anauinua na kuurusha juu ya tairi, ncha za vipande vya kukingama zikitazama nje zisije zikala mpira. Halafu anapiga magoti kwenye tope la barafu, anapenyeza mkono nyuma ya gurudumu hadi begani, na kupapasa akitafuta ndoano ya ndani ambayo haioni. Hiyo inafungwa kwanza, ya nje baadaye. Kisha anazungusha vikazio kwa ufunguo wake na kuvuta mpira wenye ndoano juu ya uso wa gurudumu, huku glavu zimelowa na vidole havina habari naye. Na bado hajamaliza. Anasogeza lori kidogo, anashuka, anakaza tena, kwa kuwa mnyororo uliolegea hupiga madigadi na kukata mipira ya upepo. Kwetu kazi ya namna hii ina mwenyewe, naye ni utingo. Mkenya au Mkongomani aliyepata leseni ya lori kule anajikuta yeye ndiye dereva, utingo na fundi. Karaha hii ina soko lake pia: kwenye njia ya mlimani ya Donner Pass, jimbo la California linawapa watu vibali vya kuwavalishia wenye magari minyororo kwa malipo.

Sasa mwangalie dereva huyo, anayeyajua hayo yote, akifika chini ya mlima. Anausoma ubao wa onyo, analitazama lile rundo, na anaanza kufikiri. Sofa hizi nilizobeba ni lazima zifike usiku huu? Kwenye barabara kuu ya I-70 huko Colorado, kati ya Dotsero na Morrison, kilomita 200 hivi, sheria inayataka malori ya biashara yabebe minyororo kuanzia Septemba 1 hadi Mei 31, maana njia hiyo inapanda hadi handaki la Eisenhower, kwenye mita 3,400 hivi. Amri ya kuivalisha ikishatangazwa, anayeikaidi anatozwa zaidi ya dola 500, na akiziba njia, zaidi ya 1,000. Faini inauma, ila kwa maoni yangu magoti kwenye theluji yanauma zaidi. Ndiyo maana wengi wanaegesha, wanakunywa kahawa, wanasubiri magreda yakwangue njia. Lori lililoegeshwa halijapata kuserereka mlimani. Breki inangoja ikanyagwe, mkanda unangoja ajali; mnyororo unaokoa watu ukiwa umetundikwa, kwa kutotamanika tu.

Tena unampa dereva ulimi. Wengi wa masafa marefu kule hulipwa kwa maili, na gurudumu lisilozunguka haliingizi senti. Bosi yuko ofisini mbali, dirishani kwake jua linawaka. Ukimwambia unaogopa, anakuona mvivu. Ukimwambia barabara imetangazwa ya minyororo, anajua kwamba anabishana na serikali ya jimbo.

Wapo watakaouliza kwa nini tuteseke, ilhali kuna minyororo ya kisasa inayofungwa chini ya gari, vipande vifupi vinavyorushwa chini ya tairi kwa kubonyeza swichi. Kwa gari la zimamoto au la wagonjwa naikubali, kwa sababu hayo hayana ruhusa ya kusubiri. Ila kwenye theluji nene haifui dafu, na kwa lori la sofa urahisi wake unafuta ile dakika ya kufikiri. Anayebonyeza swichi anawahi kufika juu, na juu ndiko unakoanzia mteremko, ambao kwenye I-70 mahali pengine ni wa asilimia 7. Wengine wanalalamika kwamba mnyororo unakulazimisha uende kilomita 50 kwa saa au chini yake, na kwamba kwenye lami tupu unakatika upesi na kuichubua barabara. Ni kweli, na ni vizuri. Huo mwendo ndio unaofaa pale, na lami ikionekana, shuka ukauvue.

Pingamizi zito ni jingine: karaha hiyohiyo inayowafanya wenye busara waegeshe ndiyo inayowafanya wengine wabahatishe na tairi tupu, na lori moja likikaa kimshazari linafunga mlima kwa saa nyingi. Hilo silikatai. Nasema tu kwamba mbahatishaji hakupata nafuu yoyote. Mnyororo alioukwepa kwenye eneo tambarare la maegesho sasa anauvalisha kwenye mwinuko, kwa tairi iliyokwishazama na isiyosogea hata nusu mzunguko, askari akimwandikia faini na foleni nzima ya magari ikimpigia honi.