Sina Uwezo wa Kurudi Kwenye Daladala

Kushindwa kununua gari ni jambo la kawaida, halina ufundi wowote. Wengi wameshindwa na wanaishi vizuri tu, wananenepa. Mimi nimeshindwa kitu kigumu zaidi: nimeshindwa kutokuwa na gari. Nimepiga hesabu kwa kalkuleta ya simu, nikaenda kuazima ile kubwa ya dukani kwa Mangi nikidhani labda ya simu ina virusi, jibu likawa lilelile. Ili niamke Jumatatu nigombanie mlango wa daladala kama wananchi wenzangu, lazima kwanza nipate shilingi milioni tisa na elfu hamsini. Sina. Basi naendesha.

Najua wapo watakaosema huyu jamaa anaringa kiujanja. Ngoja niwape tarakimu.

Gari lenyewe silitaji jina, maana lina masikio na lina namna yake ya kulipiza kisasi kwenye foleni ya Ubungo. Nililichukua yadi moja ya Barabara ya Bagamoyo katikati ya 2024, kwa milioni 22. Nilitanguliza milioni nne, kampuni ya mikopo ikaweka 18, riba asilimia mbili kwa mwezi, miaka minne. Asilimia mbili! Inatamkwa kwa upole kama jina la mtoto wa kike. Kumbe riba ziko za aina mbili. Iko ile inayopungua kadiri deni linavyopungua, yenye haya. Na iko hii yangu, ambayo kila mwezi inahesabiwa juu ya milioni 18 zilezile, iwe mwezi wa kwanza au wa 48, hata kama kilichobaki ni hela ya chipsi. Laki tatu na elfu sitini kila mwezi ni riba tupu. Ukijumlisha miaka minne inafika milioni 17 na laki mbili na themanini elfu. Nanunua gari langu, na riba nayo inajinunulia la kwake.

Rejesho ni 735,000 kila mwezi, nami nimelipa mwaka na nusu bila kuruka hata mara moja. Nikaomba taarifa ya mkopo nione nimefika wapi. Imeandikwa: baki, 22,050,000. Soma tena taratibu. Nilikopa 18, nimelipa 13 na ushee, nadaiwa 22. Nikamuuliza kijana wa mikopo, je, nikilipa zote leo? Akasema nitapunguziwa riba kidogo, ila kuna ada ya kumaliza mkopo kabla ya wakati, na ukitoa moja kwenye nyingine tunarudi palepale. Kwa hiyo nikichelewa, faini. Nikiwahi, faini. Mkataba unanitaka nidaiwe kwa mwendo uleule, kama vile kuna tochi mbele.

Baada ya hapo nikalipeleka gari kwa dalali mmoja wa Mwenge, si kwa kuuza, kwa kutaka kujua tu. Dalali wa magari hakurupuki kusema. Alilizunguka kwanza, akagonga boneti, akafungua mlango na kuufunga huku akisikiliza, akalala chini akachungulia. Akainuka, akajipangusa magoti.

"Kaka, una haraka na hela?"

Ukishaulizwa swali hilo jua milioni kadhaa zimeshaaga. Nikamwambia sina haraka.

"Afadhali. Maana kwa haraka ni kumi na mbili. Ukivumilia, kumi na tatu, tena hapo sijagusa changu."

Nikamkumbusha kwamba hili ni namba E.

"E ya mwanzo hiyo, kaka. Watu wanataka E ya juu."

Nimefilisiwa na alfabeti. Sikugonga mtu, sikupindua, sikubeba mkaa wala mbuzi. Herufi zimesogea huko wanakotoa namba, na mali yangu imepungua nikiwa nimelala.

Nikajaribu kumbana. Nikamweleza kwamba niliponunua, dola ilikuwa imevuka shilingi 2,600, ndiyo maana bei ilikuwa juu. Akacheka. "Si umeona mwenyewe? Desemba ya mwaka uleule ikashuka mpaka kama 2,400, wenzako wakaagiza kwa raha." Sikujua kwamba dalali anayekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mkungu anafuatilia soko la fedha za kigeni kuliko mimi mwenye kitambulisho cha ofisi shingoni.

Lakini lililoniuma si dola wala herufi. Ni umri. "Kaka, hili gari zee," alisema, "limeshavuka miaka kumi."

Sasa hapo nisaidieni. Nilipolalamikia bei ya yadi, muuzaji alinijibu neno moja tu: kodi. Na kodi kweli zipo. Gari lililotumika likishuka Bandari ya Dar es Salaam linalipiwa ushuru wa forodha asilimia 25, linalipiwa ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini, VAT asilimia 18 inakaa juu ya mzigo wote, na kama ni gari dogo lililozidi miaka kumi kuna nyongeza ya ushuru ya asilimia 30 kwa sababu ya uchakavu. Wenye magari ya miaka minane hadi kumi wao wanasamehewa kidogo, asilimia 15. Uchakavu wa langu, basi, umeshalipiwa. Una risiti. Muuzaji aliulipa bandarini, akauweka kwenye bei, nami nikaukopea, na riba yake naendelea kuilipa. Halafu dalali naye anakuja kunikata kwa uchakavu uleule! Uzee mmoja unalipiwa mara ngapi? Bibi yangu alikuwa na miaka tisini na hakuna aliyemtoza hata mara moja.

Huko Japani lilikotoka mambo yako kinyume. Gari dogo la mtu binafsi likishatimiza miaka mitatu linapelekwa ukaguzi, kisha kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi una gharama, gari likizeeka zinakuja na za matengenezo. Mwenye gari anapiga hesabu, anaona heri aliachie. Nina hakika yule Mjapani aliyekuwa na hili la kwangu alirudi nyumbani kwa treni siku hiyo akipiga mluzi.

Mama watoto, ambaye ni mhasibu wa vikoba na hana subira na malalamiko, alisema nirudishe gari kwa wenyewe, yaishe. Hayaishi. Ukilirudisha wanalipiga mnada, na mnada una gharama zake, dalali wa mnada ana chake, yadi ina chake. Bei iliyopatikana ikiwa chini ya deni, na kwa mnada huwa chini, tofauti inabaki jina lako. Ningekuwa nimesimama kituoni Kimara nanyeshewa, gari langu la zamani linapita na mwanamume mwingine ndani, vioo juu, kiyoyozi kinavuma, nami ndiye ninayelilipia.

"Basi liibiwe," akasema. Anapenda suluhisho fupi.

Nalo nimeuliza. Mkataba unanilazimisha kukata bima kubwa mpaka siku ya mwisho ya deni. Kila mwaka kijana wa bima anakuja na thamani mpya ya gari, ndogo kuliko ya mwaka jana, na ananitangazia kwa furaha kwa sababu eti nitalipia kidogo. Nikamuuliza, likiibwa mnalipa? Tunalipa. Mnalipa nini? Thamani ya gari siku lilipoibwa. Mnamlipa nani? Kampuni ya mikopo kwanza. Maana yake wezi wakilichukua usiku wa leo, kesho nitakuwa mtembea kwa miguu mwenye deni la gari. Ndiyo sababu nimeweka kengele, nondo ya usukani na kufuli ya tairi. Majirani wanasema, "Jamaa analipenda gari lake!" Silipendi hata kidogo. Nikisikia mbwa wanabweka saa nane usiku nachungulia dirishani kwa hofu ya milioni tisa.

Kuna bima nyingine ndani ya mkopo, nayo nailipia, inayosema nikifa deni linafutwa. Nilimsomea mama watoto kifungu hicho ili kumtuliza. Alinyamaza, akaniomba nikisome tena polepole. Tangu siku hiyo hanikumbushi kufunga mkanda.

Nisisahau kile kidude walichofunga chini ya dashibodi, cha kuonyesha gari liko wapi, na ambacho wakitaka kinazima injini. Gharama ya kukifunga ilikatwa kwenye mkopo wangu. Kijana wa marejesho ni mwenye adabu, sina ugomvi naye. Huanza na shikamoo ndipo aje kwenye deni. Mwezi jana nilikuwa naenda msibani Morogoro, simu ikaita. "Shikamoo, mzee. Nakuona Chalinze hapo. Kwema?" Nikamwambia kuna msiba. Akanipa pole ya kweli kabisa, akanitakia safari njema, akanikumbusha tarehe. Kadi halisi ya gari iko kabatini kwao, mimi ninatembea na kivuli. Mafuta ndiyo wameniachia yawe yangu peke yangu, kwa hiyo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA wakitangaza bei kikomo, mimi ndiye ninayekaa kwenye redio.

Sasa wewe mwenye hekima nenda kawaeleze haya ndugu zangu. Kwao mwenye gari ni mwenye gari. Kamati ya harusi ya mtoto wa shemeji imeniandikia laki tatu kwenye kadi ya mchango wakati kaka yangu, mwenye nyumba mbili za kupangisha Mbagala na baiskeli moja, ameandikiwa elfu hamsini. Juu ya laki tatu wanataka na gari lenyewe liwe kwenye msafara, lifungwe maua. Nilitaka kusimama kwenye kikao niwaambie ukweli: pale Kimara Mwisho kuna muuza mahindi ya kuchoma, hana deni la mtu, na kwa hesabu za kitabu ananizidi milioni tisa hata kabla hajawasha jiko. Mwandikieni yeye laki tatu. Nikanyamaza, kwa sababu baada ya kikao wajumbe wanne walikuwa wananisubiri niwapeleke makwao, na mmoja anakaa Bunju.

Jana jioni simu imeita tena, namba ileile ya ofisi. Nikajua nimeshaonekana mahali. Ila safari hii sauti ilikuwa ya dada, laini, mpya. Akasema wamepitia kumbukumbu zangu na wamefurahi, mimi ni miongoni mwa wateja wao wazuri, na kwa kuwa sicheleweshi marejesho wanaweza kuniongezea milioni tano, leo hiihii, bila usumbufu.

"Dhamana?" nikauliza.

"Si lile gari lako, kaka."

Nikamwomba arudie. Tangu nisaini mkataba, ndiyo mara ya kwanza mtu wa ofisi ile kuliita langu.