Vituko vya Yadi ya Magari

Watu wa Mombasa, ambao tangu enzi za majahazi wamezoea kuona vitu vya fahari vikiingia mjini kwa njia ya bahari, hawaoni ajabu kwamba gari lililoundwa Japani, likaendeshwa huko na mtu wasiyemjua hata akalichoka, likauzwa mnadani, likapakiwa melini Yokohama au Nagoya na hatimaye likashushwa Kilindini likiwa na umri wa miaka saba, hulakiwa hapa kwa taadhima na bashasha ambazo huenda halikuzipata hata siku lilipotoka kiwandani. Mimi ni karani wa makaratasi katika yadi moja ya magari, ambayo sitaitaja kwa kuwa tajiri wake yu hai, anajua kusoma, na ndiye anayenilipa mshahara. Na kwa muda wote niliokaa nyuma ya meza yangu, nikitazama watu wakija na wakienda, nimefikia yakini moja, nayo ni kwamba upya wa gari hauletwi na gari. Huletwa na mnunuzi mwenyewe, pamoja na fedha zake, nasi watumishi kazi yetu ni kuupokea upya huo kwa heshima zote na kuuchunga usije ukagonga nguzo ya lango kabla wino wa risiti haujakauka.

Miaka hiyo saba niliyoitaja si ya kubahatisha. Kanuni za Kenya haziruhusu gari lililotumika kuingia nchini likiwa limepitisha miaka 8 tangu lilipoandikishwa mara ya kwanza, na usukani wake sharti uwe upande wa kulia. Ndiyo sababu mwaka 2025 ulipoingia, gari lililoandikishwa mwaka 2017, lililokuwa halali jioni ya mwisho wa Disemba, likawa haramu asubuhi yake, na ndiyo sababu wakala wetu wa forodha, kila mwaka unapokaribia kwisha, hali wala halali, anaulizia habari za meli hata kwa wavuvi wa ngisi. Meli ikifika, huja zamu ya ushuru: wa forodha asilimia 35, juu yake ushuru wa bidhaa, na juu ya jumla ya hayo yote kodi ya ongezeko la thamani asilimia 16. Hesabu hiyo ni mimi ninayewasomea wanunuzi wanaotaka kuagiziwa gari lao mahsusi, na uzoefu umenifunza kuisoma mnunuzi akiwa ameketi.

Siku yetu huanza saa mbili asubuhi kwa vita. Mwosha magari, kijana mpole ambaye sijapata kumsikia akimtukana binadamu yeyote, huwa amekwisha kuyaosha magari yote ya safu ya mbele, akayafuta kwa kitambaa laini na kuyapaka nta hata mtu akajiona uso, ndipo kunguru wanaposhuka kutoka juu ya mwembe wa jirani. Ndege hawa asili yao ni Bara Hindi, nao waliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili, kwa nadhari ya waliowaleta, wausafishe mji kwa kula taka. Na mtu yeyote aliyewahi kuegesha gari jeupe chini ya mti hapa pwani anaweza kushuhudia jinsi usafi huo ulivyotekelezwa. Kijana wetu anashikilia kwamba kunguru wanajua bei. Anasema, na mimi sina hoja ya kumpinga, kwamba hawajapata kuichafua ile Probox iliyo pembeni, gari ambalo Toyota ilianza kuliunda mwaka 2002 kwa ajili ya mizigo ya wachuuzi wa Kijapani na ambalo hapa kwetu hukimbizwa na miraa usiku kucha, bali kila mara huipita hiyo na kulenga lile la thamani kubwa, lenye paa la kioo, na tena baada ya nta.

Akimaliza mwosha magari kulia, huwasili muuzaji wetu mkubwa. Huyu ni bwana wa suti na tai katika joto la kaskazi, ambaye huvuka na feri ya Likoni akiwa amebanwa baina ya matenga ya samaki na baiskeli za watu, akafika yadini akijipulizia marashi shingoni, kisha akaanza kuwaeleza watu raha ya kumiliki usafiri wako mwenyewe. Yeye hana gari. Ukimwuliza atakwambia kuwa mpishi hali chakula alichokipika. Kwa mujibu wa simulizi zake, kila gari lililomo yadini lilikuwa la mwalimu wa kike aliyekuwa akiliendesha kwenda shuleni na kurudi, wala halikupata kulala nje, hata mtu asiyeijua Japani aweza kudhani kuwa ni visiwa vinavyokaliwa na walimu wa kike watupu. Pamoja na simulizi huonyesha ithibati, yaani ile karatasi ya mnada iliyoandikwa kwa hati ya Kijapani, yenye mchoro wa gari na herufi zilizotawanywa juu yake, A kwa mkwaruzo na U kwa bonde, na alama ya jumla pembeni. Mnunuzi huipokea karatasi hiyo kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda mrefu kama mgonjwa anayetazama picha ya mapafu yake mwenyewe, akatikisa kichwa na kusema, "Naam, naona." Aghalabu huwa ameishika juu chini.

Lakini wanunuzi si wengi. Walio wengi ni ashiki. Ashiki wa magari huja Jumamosi, akiwa amevaa vizuri, akafungua mlango, akaketi, akaurudisha kiti nyuma, akashika usukani kwa mikono yote miwili na kuvuta pumzi nzito, maana wale wasafishaji wa mnadani hulipulizia gari dawa yenye harufu ya kiwandani, na harufu hiyo humtia mtu mzima ndotoni akiwa macho. Hana fedha, wala hasemi kuwa anazo. Tajiri wetu aliwahi kutaka kuwapiga marufuku, lakini muuzaji akamsihi, akidai kuwa yadi isiyo na watazamaji huonekana kuwa na mkosi, na katika hilo nadhani alisema kweli. Wenye kutaabisha ni wale wanaoomba kulijaribu gari barabarani. Bwana mmoja, mtu wa makamo na mwenye maneno matamu, alilichukua gari dogo kwa ajili ya kusikiliza injini tu, muuzaji akakaa kando yake kama ilivyo desturi, wakatoka. Injini ilisikilizwa hadi soko la Kongowea. Huko bwana yule alisimama akasema kuwa gari halijulikani siha yake mpaka lipakiwe mzigo, akateremka, akarudi na gunia la vitunguu, mikungu ya ndizi na shemeji yake. Na kwa kuwa shemeji alikuwa mtu wa umbo, muuzaji akahamia nyuma, vitunguu magotini, suti na tai vikiwa vile vile. Walipomaliza kuyafikisha yote nyumbani bwana alilirudisha gari kwa adabu kubwa, akashukuru, akasema limemridhisha kabisa ila rangi.

Sehemu ya kazi yetu iliyo na fadhaa kuliko zote, hata hivyo, ni kule kumkabidhi mtu gari linalosema Kijapani. Magari haya yameletwa na lugha yao. Redio zake zimetengenezwa kwa mawimbi ya kwao, yanayoanzia megahezi 76, ambayo huishia pale pale ambapo stesheni zetu nyingi ndipo zinapoanzia, hivyo mnunuzi huzungusha kitufe akapata mvumo wa pwani na kasida moja ya mbali. Muuzaji humwambia kuwa gari limezoea utulivu. Tena mna bibi ndani. Ukiwasha injini, bibi huyo asiyeonekana hutamka maneno kadhaa kwa sauti nyororo, kisha kimya. Mama mmoja wa Kisauni, mfanyabiashara wa vitenge, alishtuka aliposikia sauti hiyo chini ya kioo.

"Anasemaje huyu?" akauliza.

"Anakukaribisha, mama," akajibu muuzaji bila kusita.

"Starehe, mwanangu, nimeshakaribia," mama akaliambia gari, akalipa.

Haukupita muda mrefu akapiga simu. Alisema kuwa bibi yule anakaribisha kila asubuhi, kila akitoka sokoni, hata mbele ya msikiti, na kwamba adabu nayo ina kiasi chake, kwa hiyo tumwambie kuwa sasa basi. Tukabaki hatuna la kufanya, mpaka akapita mzee mmoja baharia wa zamani, aliyepata kukaa bandari za Japani, akasikiliza gari jingine lenye bibi yule yule, akacheka hata akashika mlango. Kumbe bibi hakaribishi mtu. Anasema kuwa kadi haijatiwa mahali pake, nayo ni kadi ya kulipia barabara kuu za Japani, ambazo gari likizipita hukatwa ada bila kusimama. Nilimtazama muuzaji nipate kuona haya usoni mwake. "Ndiyo hayo hayo," akasema. "Mtu hakuombi kadi ila amekukaribisha."

Sasa nije kwenye kadhia ya mwalimu mstaafu, ambayo bado inazungumzwa yadini kila chai inapomiminwa. Mwalimu huyu, mtu wa heshima aliyesomesha nusu ya makarani wa mji huu, alikuwa ameweka akiba kwa subira ya miaka, akachagua gari dogo la rangi ya fedha, la kuwashwa kwa kitufe, na siku ya kulichukua alikuja na mkewe, binti zake, mjukuu, jirani wawili na chetezo. Alikuwa ametoa sharti kwamba nailoni zinazofunika viti zisiguswe, kwa kuwa mtoto wake wa Nairobi alikuwa bado hajaliona, na ilikuwa lazima alione likiwa jipya. Mke wa mwalimu akaomba alifukize gari udi kabla ya mtu kulipanda. Hapana mtu wa pwani anayeweza kukataa jambo hilo. Muuzaji akavifunga vioo vyote ili moshi usipotee bure, chetezo kikawekwa juu ya kiti cha nyuma, sisi tukasimama nje tukiona gari linavyojaa weupe ndani. Punde harufu ya udi ikachanganyika na harufu nyingine isiyo ya udi. Mlango ulipofunguliwa kwa hima tukakuta kaa moja limedondoka, na katika nailoni pana tundu la kiasi cha sarafu ya shilingi kumi, kingo zake zimejikunja na kuwa nyeusi, bado zinatoa uzi wa moshi, na chini yake kiti kimesalimika. Wote tukanyamaza tukimtazama mwalimu. Mkewe akavuta pumzi, akatangaza kuwa harufu ile mbaya ilikuwa ni hasadi ikitoka, na akapiga kigelegele.

Basi ikasomwa dua, halua ikapitishwa, mwalimu akaketi kwenye usukani. Muuzaji, ambaye siku hiyo alikuwa amejawa na furaha kupita kadiri, aliinama dirishani akakibonyeza kitufe ili kumwonyesha jinsi injini inavyowaka pasipo ufunguo kutiwa mahali popote, maana ufunguo wa magari haya hutosha kuwa karibu. Nao ulikuwa karibu kweli, ndani ya mfuko wa koti lake. Gari likaondoka kwa vigelegele. Lilipopita lango likaanza kulia, pi, pi, pi, na mjukuu, kama tulivyokuja kusimuliwa baadaye, alisema, "Babu, gari linalia." Mwalimu akamjibu, "Linaaga."

Gari la namna hiyo likishawaka halizimiki kwa kukosa ufunguo. Hulalamika tu na kuendelea na safari. Likavuka daraja la Nyali, likashika barabara ya Malindi, likafika Mtwapa bila dosari, na hapo mwalimu akalizima apate kununua madafu ya kuwaburudisha watu wake. Halikuwaka tena. Simu ilipoingia yadini, muuzaji alisikiliza, akatia mkono mfukoni kutafuta leso ya kujifutia jasho, na sijapata kuona uso wa mtu ukibadilika upesi kiasi kile. Tajiri hakusema neno ila moja: "Matatu." Na nauli iwe yake mwenyewe.

Alipofika Mtwapa, baada ya foleni ambayo sina haja ya kumweleza mtu anayeijua barabara ile, alikuta gari limezungukwa na wataalamu. Mmoja alitoa rai kuwa ni petroli, mwingine akahukumu kuwa ni jini la Kijapani lisilopenda udi, na fundi wa tatu alikuwa amekwisha kufungua boneti na kutaka kuitoa betri. Muuzaji akajipenyeza, akafika ubavuni mwa gari, na kabla hajatamka lolote taa zikamulika na vioo vya pembeni vikajikunjua vyenyewe. Umati ukapiga kelele. Mwalimu akamtazama kwa utulivu wa mtu aliyesahihisha madaftari miaka mingi, akasema, "Kumbe, mwanangu, mimi nimelinunua na wewe ndiye linayekupenda." Mkewe hakukubali aondoke hivi hivi, alimchukua hadi nyumbani, akamlisha wali wa nazi na samaki wa kupaka, na kesho yake bwana yule alikuja kazini akisema kuwa huduma baada ya mauzo ni jambo ambalo yadi nyingine zimelipuuza.

Tajiri aliandika kwa mkono wake tangazo, likabandikwa ukutani juu ya kiti cha muuzaji: UFUNGUO NI WA MNUNUZI. Mwalimu bado analo gari lile, na nailoni bado zimo, tundu pia, ijapokuwa mtoto wa Nairobi alikwisha kuja akaliona na akarudi.

Nasi tupo kila siku ila Jumapili, tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na Ijumaa tunafunga saa sita kwa ajili ya swala tukafungua tena saa nane. Anayetaka kulijaribu gari barabarani na aje na leseni yake, na vitunguu aviache sokoni.